Kompyuta ya Karani Wekoye Iliyokataa Kulala

Wekoye Wakhungu alikosea tangu mwanzo, na kosa lake lilimwangukia mtu mmoja: Nangila, mama aliyefagia zahanati. Kwa wiki sita aliamini kwamba Nangila ndiye aliyekuwa akimaliza umeme wa sola kwa kuwachajia majirani simu zao, na kwamba kwa sababu yake friji ya chanjo ilizimika. Aliamini hivyo kwa utulivu wa mtu aliyesoma. Baadaye hilo ndilo lililomuumiza zaidi: hakumlaumu kwa hasira bali kwa hoja, moja baada ya nyingine, kama anayejibu swali la mtihani.

Zahanati yenyewe ni ndogo, ya kanisa, imejengwa kwa mawe kwenye mteremko ulio juu ya Endebess, mahali ambapo mahindi huchelewa kukomaa kuliko ya bondeni na nguzo za umeme hazijafika. Ina vyumba vinne. Juu ya paa kuna mabamba ya sola, na ndani, katika kabati la mbao, zimepangwa betri nne. Betri hizo huwasha taa, kompyuta ya karani na friji ya chanjo. Friji ndiyo roho ya mahali pale. Chanjo za watoto zikikaa kwenye joto lililozidi nyuzi nane, haziaminiki tena. Na mama aliyetembea tangu alfajiri na mtoto mgongoni, akiambiwa arudi wiki ijayo, huenda asirudi kabisa.

Wekoye alikuwa karani wa hapo kwa mwaka wa nne. Alizaliwa karibu na Kibabii, siku ambazo pale hapakuwa na chuo kikuu bali mashamba ya miwa na njia za ng'ombe. Alikuwa wa kwanza katika ukoo wao kuvaa joho la kuhitimu, na picha ya siku hiyo bado inaning'inia sebuleni kwa mama yake ikiwa imegeuka rangi ya chai. Alisomea historia. Baada ya hapo alifundisha bila ajira ya kudumu, akahesabu watu wakati wa sensa, akaandikia wengine barua za maombi ya kazi ambazo wengi wao walizipata, na alipofika miaka arobaini na minne kasisi mmoja akamwambia kuna zahanati inatafuta mtu mwenye mwandiko mzuri na subira. Alipanda mlima akiwa na sanduku moja. Hakujivunia kazi ile, wala hakuionea haya. Aliifanya kwa uangalifu wa mtu anayeogopa kuonekana kwamba shahada yake haikumsaidia kitu.

Mwezi Mei, katikati ya mvua ndefu, friji ilizimika kwa mara ya kwanza. Sista Jepchumba, muuguzi mkuu wa zahanati, aliifungua asubuhi akakuta kipimajoto kinasoma kumi na mbili. Aliandika namba hiyo kwenye karatasi ya joto iliyobandikwa mlangoni mwa friji, akaizungushia duara jekundu, kisha akatoka nje kuwaambia akina mama tisa waliokuwa wamekaa kwenye benchi kwamba leo hakuna chanjo. Wekoye aliwaona wakifunga tena leso zao migongoni. Hakuna aliyelalamika. Hilo lilimchoma kuliko kama wangelalamika.

Wakati huo Nangila alikuwa Cheptais, alikokwenda kwa siku tatu kumzika dada yake. Aliporudi, Wekoye alimngoja mlangoni.

"Pole kwa msiba, mama."

"Nimeshapoa, karani. Tumemlaza salama."

"Mama, ulipoondoka uliacha simu ngapi kwenye chaja?"

Nangila alihesabu kwa vidole. "Kumi na moja. Na tochi ya Mzee Kiarie."

"Unajua friji ilizimika?"

"Sista ameniambia. Imeniuma sana. Lakini karani, simu si ng'ombe. Hiyo inakula kidogo tu."

"Kidogo mara kumi na moja si kidogo tena."

"Na tochi," akasema Nangila, kwa kuwa alikuwa mtu wa kweli.

Wekoye akamweleza habari za betri, akamchorea hata mchoro nyuma ya karatasi iliyotumika: jua linaingia hapa, umeme unatoka pale. Kisha akamwambia mambo mawili. La kwanza, tangu siku hiyo hakuna simu ya jirani itakayochajiwa ndani ya zahanati. La pili, ufunguo wa jengo ungekaa kwake. Jioni Nangila afagie mapema aende, na yeye karani atafunga mwenyewe; asubuhi Sista angemfungulia kwa ufunguo wake.

Nangila aliutoa ufunguo kwenye kitambaa alichofungia kiunoni. "Haya," alisema. "Wewe ndiye umesoma." Hakukuwa na kejeli katika sauti yake. Wekoye alitamani ingekuwapo.

Kwa siku kumi ilionekana kama dawa imeingia. Kisha yakaja mawingu ya siku mbili mfululizo, na friji ikazimika tena. Duara la pili jekundu likachorwa. Safari hii taarifa ilishuka mpaka Bungoma, kwenye ofisi ya mradi wa afya wa kanisa, na baada ya wiki moja ikaja barua. Iliandikwa kwa adabu. Ilisema kwamba friji za chanjo ni chache, kwamba kuna zahanati nyingine zilizo kando ya nyaya za umeme zinazozihitaji, na kwamba joto likizidi kipimo mara ya tatu, friji ile itahamishwa. Mkaguzi angekuja mwisho wa Juni kusoma karatasi ya joto.

Jepchumba aliisoma barua mara mbili, akaiweka mezani kwa Wekoye. "Friji ikiondoka, hawa akina mama watateremka Endebess na watoto. Wewe unajua ni wangapi watateremka."

"Najua, Sista."

"Na simu hakuna siku hizi. Sasa nani anakula stima yetu?"

Nangila, aliyekuwa akipangusa dirisha, ndiye aliyejibu bila kugeuka.

"Mimi nikipanguza hii mashine ya karani asubuhi, nakuta ina joto. Kama sufuria imetoka tu mekoni."

"Ni jua la dirishani, mama," Wekoye akasema.

"Jua gani hilo, karani, saa kumi na mbili na nusu?"

Jepchumba alicheka mpaka akashika meza. Wekoye naye alijaribu kucheka. Moyoni alijiambia kwamba mama yule hakuelewa: kompyuta ilikuwa imeelekezwa ilale yenyewe ikikaa dakika kumi bila kuguswa, na kila jioni, kabla ya kufunga mlango, alikuwa akiona kioo chake kimekuwa cheusi. Kioo cheusi kilimtosha. Ngurumo yake hakuisikia, maana friji ilikuwa ikinguruma ukutani hapo hapo na mlio mmoja ulifunika mwingine.

Lakini kesho yake alifika mapema, akaweka kiganja juu ya kompyuta kabla hajavua koti. Ilikuwa na joto. Alisimama hapo kitambo, mkono bado uko pale pale, akihisi hoja zake zote za mwezi mzima zikiyeyuka chini ya kiganja chake.

"Si uizime tu kabisa ukitoka?" Jepchumba alimuuliza.

Alijaribu. Kwa siku tatu aliizima kabisa jioni, na kwa siku tatu asubuhi ilichukua muda mrefu kuamka hata akina mama wakajaa mpaka barabarani. Siku ya tatu iligoma kufungua orodha ya watoto waliotakiwa kuchanjwa, ikabidi waulizwe mmoja mmoja. Kwa hiyo Jumamosi aliifunga ndani ya blanketi, akaitia kwenye gunia safi, akaipeleka Kitale.

Fundi aliyeelekezwa kwake alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, Nyaruai Gathii. Karakana yake ilikuwa ghorofani, nyuma ya maduka ya mbegu na dawa za mifugo, hivyo chumba kilinukia mbolea hata madirisha yakiwa wazi. Babu yake alitoka Nyeri zamani akaja kulima Trans-Nzoia, na Nyaruai alipenda kusema kwamba katika ukoo mzima yeye tu ndiye asiyejua kukamua ng'ombe. Ukutani hakuwa ametundika vyeti. Alikuwa ametundika kalenda ya duka la mbegu, na chini yake bisibisi zilizopangwa kwa urefu.

Wekoye alitarajia afungue kompyuta palepale. Nyaruai aliiweka mezani, akaiwasha, akakunja mikono.

"Mimi sifungui kitu kabla sijasikia, mwalimu. Niambie siku yako yote. Tangu ukiketi mpaka ukienda nyumbani. Usiruke kitu."

"Mimi si mwalimu. Ni karani."

"Unaongea kama mwalimu. Endelea."

Wekoye alieleza. Asubuhi anafungua orodha ya watoto. Anaandika waliofika. Anafungua barua za ofisi kwa kivinjari. Mchana anajumlisha dawa zilizotoka. Jioni anahifadhi kazi na kuondoka. Alieleza kwa mpangilio mzuri, na katika mpangilio huo aliruka jambo moja, akijua kabisa kwamba analiruka.

Jambo lenyewe lilikuwa redio. Miaka miwili nyuma, mjomba wake aliyemlea alifariki huko nyumbani, akazikwa, na Wekoye hakujua mpaka siku ya nne. Alipouliza kwa uchungu kwa nini hakupigiwa simu, binamu zake walimtazama kwa mshangao. "Si ilisomwa kwa redio?" walisema. "Tena mara tatu." Kwao hilo lilitosha. Kila mchana saa saba kituo kimoja cha Bungoma husoma matangazo ya vifo: jina la marehemu, ukoo, jina la mume au mke, watoto, mashemeji waliotawanyika Nairobi na Eldoret, siku ya mazishi. Aliyetajwa kwenye tangazo amealikwa. Hakuna anayempigia simu tena. Jina la Wekoye lilikuwa limesomwa mara tatu kati ya wapwa wa marehemu, na yeye hakuwapo. Kuna wazee ambao mpaka leo humsalimu kwa ncha za vidole.

Mawimbi ya kituo kile hayakufika upande wake wa mlima. Basi tangu Agosti ya mwaka uliopita alikuwa akikifungua kwenye intaneti ya zahanati. Ukurasa ule ulichukua muda kufunguka, na kabla ya sauti kuja ilibidi kupita matangazo ya sabuni na mabati. Siku moja alichelewa hivyo akakosa majina manne ya mwanzo. Kuanzia hapo hakuufunga tena. Aliuacha wazi siku zote nyuma ya kurasa nyingine, akainyamazisha tu sauti kwa kubonyeza ile picha ya kipaza sauti pembeni mwa kioo. Ikifika saa saba aliirudisha kwa robo saa, akainamisha kichwa, akasikiliza. Kisha aliinyamazisha tena.

Sasa, mbele ya fundi, aliona haya. Mtu wa shahada, mwenye umri wake, anatumia intaneti ya kanisa kusikiliza nani amekufa Bungoma.

Nyaruai aliiacha kompyuta dakika kumi bila kuigusa. Taa yake ikafifia, feni ikatulia, ikalala. Akaiamsha, akairudia. Ikalala tena, tulivu kabisa.

"Mgonjwa wako amepona njiani," alisema.

"Kule hailali, fundi. Nakuapia."

"Nakuamini. Hujabeba gunia kutoka Endebess kwa ajili ya kunitembelea." Alikagua diski, akakunja uso. "Hii imezeeka. Usiizime na kuiwasha kila siku. Kila ukiiwasha unaipandisha mlima. Kulala ndiko kunakoifaa. Irudishe, itumie kama kawaida, na ikikataa unipigie ikiwa bado imekataa. Si baadaye. Ikiwa bado imekataa, umeelewa?"

Hakutaka kumwachilia hivi hivi. Alimwandikia namba yake kwa kalamu nene kwenye ubavu wa kompyuta yenyewe, ili asije akasingizia kwamba karatasi ilipotea.

Jumatatu Wekoye alifanya kazi kama kawaida, redio ikiwamo. Jumanne alfajiri mvua ilikuwa imenyesha, na alipogusa kompyuta ilikuwa na joto. Alikimbilia friji. Kipimajoto kilisoma nane kamili. Taa ya betri ilikuwa nyekundu. Ilikuwa bahati ya baridi ya mlimani tu. Kama kungekuwa na joto zaidi kidogo, duara la tatu lingechorwa asubuhi ile. Jepchumba aliandika nane kwenye karatasi.

Alimpigia Nyaruai kabla ya saa moja. Alisikia kelele za vikombe upande wa pili.

"Imekataa, fundi. Bado imekataa sasa hivi."

"Vizuri. Usiiguse guse. Keti." Akamwelekeza afungue ule ukurasa mweusi ambao mafundi huandikia amri, tena kwa ruhusa ya msimamizi. "Sasa tutaiuliza yenyewe. Kuna amri moja, unaiandika, na kompyuta inakutajia ni nani anayeinyima usingizi. Haina siri. Watu tu hawaiulizi."

Alimsomea herufi moja moja. Wekoye aliandika, akakosea, akafuta, akaandika tena. Nyaruai alingoja bila kumharakisha, ingawa nyuma yake sauti ya mteja iliuliza kama simu yake iko tayari na yeye akajibu, "Subiri, niko na mgonjwa mahututi." Kisha Wekoye akabonyeza, na mistari ikajitokeza.

"Soma."

"Imeandika kuna mkondo wa sauti unatumika." Akasogeza uso karibu na kioo. "Na chini yake... jina la kivinjari. Inasema kinacheza sauti."

"Sauti gani?"

Nje akina mama wa kwanza walikuwa wakifika. Alisikia mmoja akimwambia mwenzake asogee benchini.

"Mwalimu. Sauti gani? Mimi siwezi kuiona kutoka Kitale."

"Redio," alisema. "Matangazo ya vifo. Ya Bungoma. Lakini fundi, huwa naizima."

"Unafunga ukurasa?"

"Nainyamazisha."

Nyaruai akavuta pumzi ndefu, si ya kukasirika. "Sasa sikiliza. Ukiinyamazisha, wewe ndiye husikii. Redio inaendelea kusema. Kompyuta inaona kuna mtu anazungumza ndani ya nyumba, inasema siwezi kulala nikamwacha mgeni anaongea peke yake. Kioo inazima, maana hakuna picha ya kutazama. Lakini yenyewe imekaa macho mpaka asubuhi, inakula betri zako."

"Usiku wote?"

"Usiku wote wanakusomea wafu, bana, na wewe umelala zako."

Wekoye alijikuta akicheka, na kicheko kikawa karibu na kitu kingine, ikabidi apanguse macho. Akamweleza habari ya mjomba, yote, hata ile ya wazee wa ncha za vidole. Hakuna aliyemtaka aeleze. Nyaruai alisikiliza mpaka mwisho, mteja wake akiendelea kunung'unika kwa mbali.

"Hiyo ulipaswa kuniambia Jumamosi," alisema. "Ungekuwa umeshalala vizuri siku tatu, wewe na mashine. Lakini nimeelewa. Shosho, nyanya yangu, naye husikiliza ya kwao, ukiigusa redio yake mtakosana." Akamwambia afunge ukurasa, arudie amri. Wekoye akafanya hivyo. Safari hii kila mstari ulijibu kwamba hakuna. Dakika kumi baadaye feni ikatulia, akainama akaweka sikio, na kwa mara ya kwanza akasikia friji ikinguruma peke yake.

"Kuna kitu kimoja hakijanikaa," Nyaruai alisema kabla ya kukata simu. "Hii redio ulianza lini?"

"Agosti, mwaka jana."

"Na friji ilianza kuzimika Mei. Hiyo miezi yote katikati?"

"Labda ni mvua. Kiangazi betri hujaa."

"Labda," alisema, kwa sauti ya mtu ambaye hajaridhika lakini ana wateja.

Wekoye alikwenda kumweleza Jepchumba, amesimama kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Alitarajia karipio. Muuguzi yule, ambaye kwao ni upande mwingine wa mlima na hana ndugu wa kutajwa kwenye redio ya Bungoma, aliuliza jambo moja tu: matangazo yale husomwa saa ngapi? Akaambiwa saa saba. "Basi saa saba uifungue, na sauti uiweke juu, mlango wazi," alisema. "Nusu ya hawa walio kwenye benchi ni watu wa huko. Wakimaliza kusoma, unafunga ukurasa. Unafunga, karani. Si kunyamazisha."

Ndivyo ilivyokuwa, na ndivyo ilivyo hadi sasa. Saa saba watu hunyamaza kwenye benchi, wengine husogea karibu na dirisha. Siku moja mama mmoja alisikia jina la baba yake mdogo, akapata kuwahi mazishi. Alipita tena baada ya wiki mbili, hakuwa na mtoto wa kuchanjwa wala ugonjwa wowote. Alimletea Wekoye maziwa lala, yale ya kuganda, kwenye kibuyu. Wekoye aliyapokea kwa mikono miwili, akijua kwamba shukrani ile ilikuwa imekosea njia, ilipaswa kwenda kwa wengine kabla ya kufika kwake.

Aliyestahili kutangulia alikuwa Nangila. Jioni ya Jumanne ile Wekoye alimfuata nyuma ya jengo alikokuwa akisuuza matambara, akautoa ufunguo mfukoni.

"Mama, nilikukosea. Haikuwa simu. Ilikuwa kompyuta yangu, na redio yangu. Wewe uliniambia ina joto, nikakujibu habari za jua."

Nangila aliupokea ufunguo kwa mkono wenye povu. "Kwa hivyo watu walete simu?"

"Mchana walete. Hata tochi ya Mzee Kiarie."

"Huyo ameshanunua nyingine kwa hasira," alisema, akakamua tambara. Kisha akamtazama vizuri. "Karani, wewe usijitese. Mtu akikosea na akasema, imekwisha. Mimi nilikuwa nimesikitika tu kwamba jioni naenda mapema, nikifika nyumbani sina cha kufanya."

Wekoye alijua hakustahili kuachiliwa kwa urahisi namna ile, na aliondoka akiwa na deni la moyo ambalo hakujua atalilipaje. Mkaguzi alikuja mwisho wa Juni, akasoma karatasi ya joto mstari kwa mstari, akapita kwenye ile nane kamili kwa kidole, akaguna, akatia sahihi. Friji ilibaki. Viazi vya kwanza vya shamba lake dogo Wekoye alivishusha Kitale mwenyewe, na Nyaruai alivipokea akilalamika kwamba sasa itabidi ajifunze kumenya.

Mwezi wa Desemba Nangila aliomba likizo, ya kwanza tangu aajiriwe. Msichana mmoja wa kanisani angeshika nafasi yake, na Wekoye akajitolea kumwandikia kwenye karatasi kazi za kila siku, Nangila akimtajia.

"Jioni," Nangila alisema, "afunge madirisha. Amwage maji ya ndoo. Achomoe kale kasanduku kanaleta intaneti, asubuhi akarudishe."

Kalamu ya Wekoye ilisimama. "Unachomoa kisanduku cha intaneti?"

"Si taa zake zinawaka bure usiku kucha? Sista alisema tuhurumie betri, hata kabla ya hiyo mambo ya friji."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu kaletwe. Kila jioni ukishaenda." Alifikiri kidogo, kwa kuwa alikuwa mtu wa kweli. "Si kila jioni. Zile siku tatu nilikuwa Cheptais, hapana. Na zile wiki ulikaa na ufunguo."

Intaneti ikikatika, redio hunyamaza kwelikweli, na kompyuta hulala baada ya dakika kumi. Wekoye aliinuka akaenda kwenye faili la karatasi za joto, akatafuta za Mei na Juni. Maduara mekundu yalikuwa mawili: la kwanza lilikuwa la usiku wa pili wa Nangila huko Cheptais, la pili la siku ya kumi na mbili tangu alipomnyang'anya ufunguo. Kuanzia Agosti hadi Mei, kila jioni ambayo yeye aliiacha redio ikisema, Nangila alikuwa ameizima.